Viza ya E-2 (Korea Kusini)

Viza ya E-2 ni kibali cha kuingia na kukaa nchini Korea Kusini kinachotolewa kwa wageni wanaokwenda kufundisha mazungumzo ya lugha ya kigeni. Jina lake kwa Kikorea ni hoehwa jido, yaani "ufundishaji wa mazungumzo". Kanuni zake hazitaji Kiingereza peke yake, lakini wengi wa wanaoiomba ni walimu wa lugha hiyo. Huajiriwa ama na shule za serikali, hasa kupitia mpango wa EPIK ulioanza mwaka 1995, ama na vituo binafsi vya masomo ya ziada viitwavyo hagwon, ambako watoto wa Kikorea huendelea kusoma baada ya saa za shule.

Viza hii inajulikana kwa wingi wa hati zake. Fomu yenyewe ni fupi. Kazi kubwa ni kufanya cheti kilichotolewa na chuo cha Ohio au Leeds kiaminike mbele ya afisa wa uhamiaji wa Busan, ambaye hajawahi kukiona chuo hicho wala haijui sahihi ya mkuu wake. Karibu masharti yote yanayoelezwa hapa chini yanatokana na tatizo hilo moja.

Nani anaweza kuomba

Kwa Kiingereza, viza ya E-2 hutolewa kwa raia wa nchi saba ambazo Korea inazihesabu kuwa ni za wazawa wa lugha hiyo: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Eire na Afrika Kusini. Mwombaji anatakiwa pia kuwa na shahada ya kwanza au zaidi, iliyopatikana katika nchi ambayo Kiingereza kinahesabiwa kuwa lugha ya wazawa. Shahada inaweza kuwa ya somo lolote.

Matokeo ya kanuni hii yaangaliwe kwa macho makavu. Mwalimu aliyefundisha Kiingereza kidato cha tano na sita huko Morogoro kwa miaka ishirini, mwenye pasipoti ya Tanzania, hawezi kuomba viza ya E-2. Kijana wa Manchester aliyesomea jiografia na ambaye hajawahi kushika chaki anaweza. Kenya na Uganda zina Kiingereza kama lugha rasmi, na watoto wao hufundishwa kwa lugha hiyo miaka mingi, lakini hazimo katika orodha. Kigezo hiki kinapima pasipoti, hakipimi ulimi, na hakuna mtihani wa lugha ambao mtu anaweza kuufanya ili akivuke. India ilipata mlango mdogo kupitia mkataba wake wa kiuchumi na Korea ulioanza kutumika mwaka 2010, unaoruhusu walimu wasaidizi wa Kiingereza wenye sifa za ualimu. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki yenye mkataba wa namna hiyo.

Jambo hili lina uzito kwa wasomaji wa Kiswahili kwa sababu matangazo ya kazi za kufundisha Kiingereza Korea huzunguka sana katika simu. Wakala anayemtoza Mkenya, Mtanzania au Mkongo fedha za "kushughulikia E-2" ama haijui kanuni ama anatapeli. Kwa vyovyote vile fedha hizo hazitaleta viza. Wapo pia wanaopendekeza mtu aingie kama mtalii kisha "mambo yatanyooshwa hukohuko". Kufundisha kwa kibali cha utalii ni kosa, na adhabu yake huweza kuwa faini, kufukuzwa nchini na kuzuiwa kurudi.

Hali ni tofauti kwa mtu wa asili ya Afrika Mashariki aliyepata uraia wa mojawapo ya nchi zile saba. Yeye anaomba kama raia mwingine yeyote wa nchi hiyo. Lakini ukaazi wa kudumu, kwa mfano kadi ya kijani ya Marekani, hautoshi. Kinachoangaliwa ni uraia. Tena aangalie shahada yake: raia mpya wa Kanada aliyesoma Makerere au Dar es Salaam anakidhi sharti la uraia, ila anakwama kwenye sharti la mahali shahada ilipopatikana.

Waafrika Kusini wanapoomba kupitia EPIK hudaiwa hati moja zaidi: barua za shule na chuo zinazothibitisha kwamba walifundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la saba hadi chuo kikuu. Sababu ni kwamba nchi hiyo ina lugha rasmi nyingi, na mtu huweza kusoma shule nzima kwa Kiafrikaans. Raia wa Kanada waliosoma katika jimbo la Québec, lenye shule za Kifaransa, hudaiwa barua kama hizo.

Cheti cha mafunzo ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, ambacho huuzwa sana kupitia intaneti, si sharti la viza yenyewe. Ni sharti la baadhi ya waajiri. EPIK, kwa mfano, hutaka kozi ya saa 100 au zaidi kwa mwombaji asiye na taaluma ya ualimu wala elimu inayohusiana nayo. Ni vema kutenganisha mambo haya mawili, kwa kuwa wauza kozi hupenda kuyachanganya.

Hati zenyewe

Hati zinazounda faili la kawaida ni hizi: pasipoti yenye muda wa kutosha, picha, mkataba wa kazi uliotiwa sahihi na pande zote mbili, fomu ambayo mwombaji anaeleza mwenyewe hali yake ya afya, nakala ya cheti cha shahada yenye apostili, na hati ya polisi yenye apostili inayoonyesha kama mtu ana rekodi ya makosa ya jinai. Hii ya mwisho ni jamaa wa kile ambacho Tanzania huitwa hati ya tabia njema na Kenya cheti cha maadili mema. Waajiri wengi huongeza ripoti ya matokeo ya chuo katika bahasha iliyofungwa na chuo chenyewe. Bahasha hiyo ikifunguliwa na mwombaji, hata kwa kutaka tu kujua alama zake, inapoteza thamani na itabidi iombwe nyingine.

Picha na fomu hazimsumbui mtu. Zinazochukua wiki na miezi ni shahada na hati ya polisi, kwa sababu ya apostili.

Apostili

Apostili ni cheti kidogo kinachobandikwa au kuambatishwa kwenye hati ya umma ili hati hiyo ikubalike katika nchi nyingine. Ilianzishwa na Mkataba wa Den Haag wa tarehe 5 Oktoba 1961. Kabla ya hapo, na hata leo kwa nchi zisizo katika mkataba, hati ilipaswa kupita mlolongo mrefu: ithibitishwe na mamlaka iliyoitoa au notari, kisha na wizara ya mambo ya nje, kisha na ubalozi wa nchi inayokwenda. Apostili iliubadilisha mlolongo huo kuwa hatua moja. Umbo lake limepangwa na mkataba wenyewe: mraba wenye upande usiopungua sentimita 9, vipengele kumi vyenye namba, na kichwa cha maneno ya Kifaransa hata pale lugha nyingine inapotumika katika sehemu zilizobaki.

Kinachothibitishwa na apostili ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Inathibitisha kwamba sahihi ni ya kweli, kwamba aliyeiweka alikuwa na cheo alichokitaja, na kwamba muhuri ni halisi. Haisemi lolote juu ya ukweli wa maneno yaliyoandikwa ndani. Ndiyo maana mwajiri wa Korea, hata akipata shahada yenye apostili safi, bado huweza kukiandikia chuo na kuuliza.

Kutokana na maana hiyo hufuata swali linalowatatiza waombaji: nani mwenye mamlaka ya kutoa apostili kwa hati fulani? Jibu ni yule anayeweza kuzitambua sahihi za ofisi iliyoitoa. Marekani ni mfano mzuri, maana ina ngazi mbili za serikali. Cheti cha shahada hunakiliwa, nakala huthibitishwa na notari, na notari huyo ni mtumishi anayetambuliwa na jimbo. Hivyo apostili hutolewa na ofisi ya katibu wa jimbo lile ambalo notari amesajiliwa. Rekodi ya polisi hutolewa na FBI, ambayo ni ofisi ya serikali kuu. Hivyo apostili yake hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mtu akiipeleka hati ya FBI kwa katibu wa jimbo la Texas, ofisi hiyo haina namna ya kuijua sahihi ya ofisa wa serikali kuu. Kinyume chake pia ni kweli: wizara haina orodha ya manotari wa kila jimbo.

Uingereza mambo ni mepesi zaidi, kwani ofisi ni moja, ile ya uthibitisho wa hati iliyo chini ya wizara ya mambo ya nje, mjini Milton Keynes. Ila cheti cha shahada kwanza kitiwe sahihi na wakili au notari. Hati ya polisi hutolewa na ofisi iitwayo ACRO. Afrika Kusini rekodi ya polisi hutoka kwa jeshi la polisi la taifa na kupewa apostili na wizara ya mambo ya nje huko Pretoria, wakati nakala iliyothibitishwa na notari hupelekwa Mahakama Kuu. Kanada ilichelewa sana. Iliingia katika mkataba tarehe 11 Januari 2024 tu, na hadi siku hiyo Wakanada walikuwa wakipita mlolongo ule wa zamani, wizarani kisha kwenye ubalozi wa Korea. Maelezo mengi yaliyoandikwa kwa Wakanada kabla ya tarehe hiyo hayafai tena, ingawa bado yanasomwa.

Korea Kusini yenyewe ilianza kutumia mkataba tarehe 14 Julai 2007. China ilianza tarehe 7 Novemba 2023. Katika nchi zenye wasemaji wa Kiswahili, Burundi imo tangu mwaka 2015 na Rwanda tangu Juni 2024. Oman imo tangu 2012 na Saudia tangu Desemba 2022. Habari hii ina faida nje ya Korea pia: mwalimu wa Rwanda anayeomba kazi katika shule ya Maskati leo anahitaji apostili moja, mahali ambapo kabla ya 2024 alihitaji mihuri ya ofisi kadhaa.

Kuna mitego miwili inayostahili kutajwa. Kwanza, mkataba hauhusu hati zinazotolewa na balozi au ofisi za kibalozi, kwa hiyo barua iliyoandikwa na ubalozi haiwezi kuwekewa apostili. Pili, ile desturi yetu ya kupeleka cheti kwa fundi akakitie laminesheni mara tu baada ya mahafali. Kwa ukutani inapendeza; kwa apostili ni balaa, kwa sababu ofisi nyingi za uthibitisho hazipokei hati iliyofunikwa plastiki, na kuibandua huiharibu. Katika maombi ya E-2 jambo hili halileti madhara makubwa kwa kuwa nakala ndiyo inayopelekwa. Hata hivyo hati asili ibaki nyumbani. Hati zinazoingia katika faili la uhamiaji hazirudi kwa urahisi, na mtu mwenye busara huandaa seti mbili za nakala zenye apostili wakati mmoja.

Hati ya polisi na muda wake

Hati ya polisi inatakiwa iwe ya ngazi ya taifa. Hati ya polisi wa mji au jimbo haikubaliki hata kama mtu hajawahi kuishi mahali pengine. Kwa Marekani maana yake ni rekodi ya FBI inayotafutwa kwa alama za vidole, ambayo ada yake ni dola 18. Kwa Kanada ni ile ya polisi wa taifa, RCMP, nayo kwa alama za vidole. Kwa Australia ni ya polisi wa shirikisho.

Alama za vidole huleta matatizo yasiyotarajiwa kwa watu waliofanya kazi za mikono kwa miaka mingi, na kwa wazee, maana mistari ya vidole huwa imefutika na mashine hushindwa kuisoma. Kadi ikirudishwa, kazi inaanza upya. Kwa hiyo anayejua kwamba vidole vyake ni vya jembe na nyundo aanze mapema kuliko wengine.

Lakini asianze mapema mno. Hati ya polisi inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kuwasilishwa, wakati shahada haina mwisho wa muda. Hivyo mpangilio unaofaa ni kuanza na shahada, ambayo haiozi, kisha kuomba hati ya polisi muda unapokaribia. Shule za serikali za Korea huanza mwaka wa masomo mwezi Machi na muhula wa pili mwishoni mwa Agosti, na EPIK huwapokea walimu wengi kwa nyakati hizo mbili. Hagwon huajiri mwaka mzima, mara nyingi kwa haraka, na huko ndiko mtu asiye na hati tayari hupoteza nafasi.

Majina

Waombaji wenye asili ya Afrika Mashariki hukutana na ugumu ambao Wakorea hawakuutunga lakini hawauvumilii: majina yasiyolingana. Mtu alizaliwa akiwa na jina la ubatizo na jina la babu. Shuleni yakaandikwa matatu. Kambini au ubalozini mpangilio ukageuzwa. Alipopata uraia akaandika mawili. Alipoolewa akaongeza la mume. Shahada inasema hivi, pasipoti vile. Kwa afisa anayesoma hati kwa herufi moja moja, hao ni watu wawili.

Dawa si kuandika barua ya kueleza. Ni kutoa hati ya umma inayounganisha majina yote mawili: cheti cha ndoa, amri ya mahakama ya kubadili jina, au cheti cha uraia kinachotaja jina la awali. Jina katika mkataba wa kazi, katika fomu na katika hati ya polisi liwe lile la pasipoti, neno kwa neno, pamoja na jina la kati. Vyuo vingi hukubali kutoa cheti kipya chenye jina la sasa baada ya kuonyeshwa uthibitisho, na kwa anayeona mbali njia hiyo ni bora kuliko kubeba maelezo maisha yote.

Safari ya faili

Hati zikikamilika, mwombaji huzituma kwa mwajiri nchini Korea, na mwajiri ndiye huziwasilisha kwenye ofisi ya uhamiaji ya eneo lake. Ofisi ikiridhika hutoa namba ya uthibitisho wa viza. Namba hiyo hurudishwa kwa mwombaji, naye huenda nayo kwenye ubalozi au ubalozi mdogo wa Korea pamoja na pasipoti, fomu, picha na ada. Ubalozi huweza kumwita kwa mahojiano.

Kwa mpangilio huu ubalozi hauanzishi jambo. Mtu asiye na mwajiri hana anachoweza kuomba, na ndiyo maana "viza ya E-2 bila mkataba" ni bidhaa isiyokuwepo.

Uchunguzi wa afya

Masharti ya hati ya polisi na ya afya yalikazwa Desemba 2007. Miezi miwili kabla, mwalimu raia wa Kanada aliyewahi kufundisha Korea alikamatwa Thailand kwa makosa ya kuwadhulumu watoto, na habari zake zilizua hasira kubwa. Kutaka hati ya polisi kwa mtu anayekwenda kukaa na watoto ni jambo linaloeleweka. Lakini kanuni hizo zilileta pia kipimo cha lazima cha Virusi vya Ukimwi kwa walimu wa kigeni, wakati walimu wa Kikorea hawakutakiwa kupimwa. Uhusiano wake na usalama wa watoto haukuwapo.

Mwalimu mmoja raia wa New Zealand alikataa kupimwa tena ili kuendelea na kazi, na malalamiko yake yakafika kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi. Mwaka 2015 kamati iliamua kwamba sharti hilo lilikiuka mkataba dhidi ya ubaguzi na kwamba alipwe fidia. Korea iliondoa kipimo hicho kwa walimu wa E-2 mwaka 2017. Uchunguzi uliobaki, unaofanywa baada ya kufika katika hospitali zilizoteuliwa, unahusu hasa matumizi ya dawa za kulevya na baadhi ya maradhi ya kuambukiza kama kifua kikuu.

Baada ya kufika

Mwenye viza anatakiwa kujiandikisha uhamiaji ndani ya siku 90 tangu kuingia na kupata kadi ya ukaazi. Bila kadi hiyo ni vigumu kufungua akaunti ya benki au kusajili laini ya simu kwa jina lake.

Viza ya E-2 imefungamana na mwajiri aliyetajwa. Kufundisha mahali pa pili, hata kwa saa mbili kwa wiki, kunahitaji kibali, na kumfundisha mtoto wa jirani nyumbani kwa malipo hakuruhusiwi kabisa. Anayetaka kuhama katikati ya mkataba kwa kawaida huhitaji barua ya kuachiliwa kutoka kwa mwajiri wa kwanza, sharti linalompa mwajiri mbaya nguvu isiyostahili. Mkataba usomwe kwa makini juu ya kipengele hicho kabla ya sahihi.

Waliooa au kuolewa na Wakorea, wenye viza ya F-6, na wakaazi wa kudumu wenye F-5, hawafungwi na orodha ya nchi saba. Kupitia njia hiyo wapo Waafrika wa nchi nyingine wanaoweza kufundisha kihalali. Wanafunzi wa vyuo vikuu wenye viza ya D-2, wakiwemo wanaosoma kwa ufadhili wa serikali ya Korea, hawaruhusiwi kufundisha bila kibali cha uhamiaji.

Mkataba ukiisha na mwalimu akiondoka moja kwa moja, kadi ya ukaazi hurudishwa kwa maafisa wa uhamiaji uwanjani.